Hatua Kumi na Mbili za Fuko

Wewe unayesoma hapa, ulikuwepo. Usijifanye mgeni. Kama hukuwepo Nyamhunda siku maji yalipofunguliwa, basi ulikuwepo mahali pengine panapofanana na pale, na macho yako uliyapeleka kwenye simu, kwenye viatu vyako, kwenye ng'ombe wa jirani, popote pale ilimradi yasikutane na macho ya Nyanjige. Ulifanya hivyo mwaka tisini na nne, mama yake alipokuwa hai. Mwaka huu umefanya tena. Kwa hiyo kaa chini usikilize habari ya Mayige, mtu tuliyemwita Fuko kwa miaka thelathini kwa kumsifu, maana yeye walau safari hii aliangalia.

Ilikuwa Alhamisi, mwanzoni mwa Desemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeujaza mto, na banio jipya kule juu lilikuwa tayari kuyageuza maji yaingie mferejini. Miezi mitatu mizima kijiko cha kontrakta, ile mashine ya kuchimbia, kilikuwa kikinguruma kwenye mfereji wetu, kikizoa tope na miiba ya miaka thelathini na kuvirundika ukingoni. Kilomita tano, kutoka mtoni mpaka kwenye majaluba ya mpunga. Dereva wa kijiko, kijana wa Dar, kila akishuka kunywa soda alikuwa anauliza kama Gamboshi, kijiji kinachosemwa ni cha wachawi, iko mbali na pale, halafu anacheka peke yake. Watu wakacheka naye. Sisi tukichekwa tunacheka, ndiyo tabia yetu.

Mayige alisimama kwenye kona, mahali panapoitwa Kwa Mbuke, amevaa shati lake la kanisani. Miaka hamsini na minne, magoti yameanza kumgomea, lakini mabega bado ya mkulima wa pamba. Sayi akaja kusimama karibu naye, fimbo begani. Huyu Sayi ana ng'ombe mia na arobaini na hajawahi kuvaa suruali isiyo na tope.

"Fuko!" akasema. "Leo umekuja na jembe au umekuja na tumbo?"

"Mwangaluka, Sayi. Nimekuja kuona kama maji haya yatatosha kukuosha."

"Yakinitosha mimi, majaluba yako utayamwagilia mate."

Wakacheka. Siku ilikuwa njema. Kwaya mbili, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, zilikuwa zinashindana kuimba, kila moja ikitaka maji yafike katikati ya wimbo wake. Mwenyekiti wa kijiji, Sylvester, alikuwa ameshika karatasi ya hotuba. Injinia Joyness, binti wa miaka kama thelathini, kofia ya plastiki kichwani, alikuwa anaongea kwa simu na watu wa banio: "Fungua. Fungua yote. Twende."

Maji yakaja. Yalikuja na povu na majani makavu mbele, yakiwasukuma panzi na vyura, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mzigo kichwani. Watoto wakakimbia nayo ukingoni. Vigelegele vikapigwa. Mayige akasogea ukingoni kabisa, kwa sababu tangu ujana wake hakuwa ameona maji ndani ya mfereji ule.

Yakafika kwenye kona, yakapunguza mwendo.

Yakazunguka. Mayige alidhani yanajaza mahali palipoinama. Yakazunguka tena, na sauti ikasikika kama ya ng'ombe anayefyonza maji ya mwisho kwenye karai. Nyuma maji yaliendelea kuja, mbele hayakwenda. Dakika ishirini watu walisimama wakiangalia ardhi inakunywa. Ng'ambo ya kona mfereji ulikuwa mkavu kama ulivyokuwa jana, na vyura waliosukumwa na povu wamekaa mchangani, wametumbua macho.

Kwaya ya kwanza ikanyamaza, kisha ya pili. Halafu mtu mmoja, ambaye mpaka leo hajajitaja, akasema: "Ni palepale."

Vichwa vikageuka. Havikugeuka kwa pamoja. Kimoja, kisha vitatu, kisha mstari mzima, kama mtama unavyolala upepo ukipita. Viligeukia kwenye jaluba lililo karibu na kona, alipokuwa amesimama Nyanjige, tope likiwa magotini, fungu la miche ya mpunga mkononi. Yeye ndiye aliyeelewa mapema kuliko wote. Aliiweka miche chini polepole, akanawa mikono, akapanda tutani.

Mgeuko ule wa vichwa Mayige alikuwa amewahi kuuona.

Sikiliza sasa, maana wengine mnajifanya mlizaliwa jana. Mfereji huu ulichimbwa mwaka sitini na tatu, kwa majembe na makarai, watu wa vitongoji vitatu wakipokezana kwa ngoma. Guku yake Mayige, babu mzaa baba, alikuwa mmoja wao. Walipofika kwenye kona walikuta mchanga mweupe, njia ya mto uliokufa zamani. Wakabeba udongo mweusi wa mbugani na udongo wa vichuguu, wakaumwaga, wakaulowesha, wakapitisha ng'ombe wa kijiji kizima juu yake kwa siku tatu mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Na kila mwaka mvua ya kwanza ikishailainisha ile sakafu, ng'ombe walirudishwa kuikanyaga upya.

Lakini wazee wale hawakueleza. Waliimba, wakanywa maziwa, wakatanguliza dume jeupe, na watoto tukadhani ni tambiko. Tulipobatizwa tukaambiwa mambo ya kuwapitisha ng'ombe kwenye mfereji ni ya gizani, tuyaache. Tukayaacha. Mayige mwenyewe, aliyebatizwa ana miaka kumi na mitatu, aliwacheka wazee hadharani, na padri akamsifu. Kazi ya mikono tukaiita ushirikina. Hilo kosa ni letu, hatukuletewa na mtu.

Ikafika tisini na nne. Mvua haba, maji machache. Mkutano ukaamua mfereji uongezwe kina ili uchukue maji zaidi. Kila kaya ikapimiwa hatua kumi na mbili. Vijana wakashindana nani ataingia chini zaidi, na Mayige, miaka ishirini na minne, damu inachemka, akachimba mpaka mfereji ukamfika mabegani. Nsumba ntale, kiongozi wa vijana, akamvisha mkia wa ng'ombe shingoni mbele ya wasichana wote na kumpa jina la Fuko, yule mchimbaji wa chini kwa chini. Jembe lake likatundikwa ukutani, liko pale mpaka leo.

Maji yakafunguliwa. Yakaishia kwenye kona. Na jirani na kona aliishi mjane, Mbuke, mama yake Nyanjige, mwenye macho mekundu kwa miaka ya kupikia samadi kavu na mabua ya pamba, macho ambayo kwetu huitwa ya mchawi. Walikuja watu wanne na mapanga, saa nane mchana, jua kali. Hakuna aliyewaona. Kijiji kizima, hakuna hata mmoja. Nyanjige alikuwa na miaka kumi na saba. Alikimbilia kwa shangazi yake kule Nkoma, na alirudi miaka sita tu iliyopita, akafufua majaluba ya mama yake kwa mikono yake.

Sasa rudi kwenye Alhamisi ile. Watu waliondoka kwa makundi, sauti zao chini. Mayige akabaki. Maji yalipofungwa kule juu, akashuka mferejini, akaingiza mkono chini. Mchanga mweupe, mnene, baridi. Akapanda ukingoni kwenye rundo la vitu vilivyozolewa na kijiko, akapiga teke bonge moja jeusi. Halikuvunjika. Akaligeuza.

Lilikuwa bapa, unene wa shibiri moja. Na juu yake kulikuwa na alama za kwato za ng'ombe. Si moja. Kwato juu ya kwato, kubwa na ndogo, zimekauka ndani ya udongo mweusi wazi kabisa, ungedhani wamepita asubuhi ile. Wale ni ng'ombe wa babu yake.

Akageuza bonge jingine. Kwato. Jingine. Kwato. Akafuata rundo, maana kijiko kilimwaga kila kitu pale pale kilipokizoa, na akaona mabonge meusi yamepangana ukingoni kufuata kona. Kisha yakakatika. Akaona tope la kawaida, miiba, mchanga. Halafu mbele mabonge yakaanza tena.

Alirudi mahali yalipokatika, akaweka mguu. Akahesabu hatua zake mwenyewe. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Ya kumi na mbili iliishia kwenye bonge la kwanza la kwato.

Akarudia. Mtu akipigwa na jambo kama hilo huwa anarudia, akitumaini miguu imekosea. Ikawa kumi na mbili tena. Hapo palikuwa pake. Wengine wote mwaka ule walichimba wakafika kwenye sakafu ngumu wakachoka, wakaacha. Yeye ndiye aliyeitoboa, na akavishwa mkia.

Injinia Joyness alimkuta amekaa chini, miguu imening'inia mferejini.

"Mzee, unaumwa?"

"Injinia, hiki ulichokizoa ndicho kilichokuwa kinashika maji."

"Sisi tuliambiwa tuondoe tope lote mpaka ardhi ya asili. Iko kwenye ripoti." Akainama, akaligusa lile bonge, akaona kwato. Kisha akavua kofia. "Mungu wangu. Ni tabaka la kuzuia maji. Tumelikwangua kama uchafu. Mzee, hili nani alilijenga?"

"Ng'ombe."

"Kwenye mchoro halipo."

"Ng'ombe hawachori, mwanangu."

Hakucheka. "Naweza kuomba plastiki ya kutandika chini. Lakini mradi umeshafungwa. Nikiandika leo, barua iende mkoani Bariadi, irudi... miezi minne. Mitano."

"Na ng'ombe?"

Akafikiri. "Ukilowesha udongo ukaukanyagisha hivi, huko ni kushindilia. Kitaalamu inakubalika kabisa. Kona ina mita arobaini. Lakini mzee, unahitaji ng'ombe wengi kwa wakati mmoja, udongo ukiwa bado mbichi. Hamsini, sitini. Wachache hawatafanya kitu."

Mayige ana ng'ombe kumi na mmoja.

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe, Specioza, amesimama mlangoni, mikono kiunoni, na nyuma yake Nyanjige amekaa kwenye kigoda na furushi la nguo.

"Baba Shija, nimemwambia akae hapa," Specioza akasema kabla hajaulizwa. "Ukitaka kumtoa, uanze na mimi."

Mayige alipita ndani, akaliondoa jembe ukutani, akatoka nalo, akaliweka miguuni pa Nyanjige. Akamweleza yote: mchanga, kwato, hatua kumi na mbili. Aliongea akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyepoteza ndama.

"Mayu wako, Mbuke, hakuzuia maji," akamaliza. "Ni mimi niliyeyamwaga."

Nyanjige aliliangalia lile jembe.

"Kuchimba uliambiwa uchimbe," akasema. "Hukujua lililo chini, ungejuaje. Hilo nakusamehe hapa hapa. Lakini redio, Baba Shija?"

"Redio gani?"

"Siku ile nilikimbia kutoka nyumbani nikipiga kelele. Mlango wa kwanza ulikuwa wako. Redio ilikuwa inatangaza mpira. Nilipofika uani kwako, ukaiongeza sauti."

Specioza akamgeukia mumewe. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, hilo hakuwa amelisikia. Ilikuwa kweli, na Mayige alijua. Aliikumbuka hata timu iliyokuwa inacheza. Miaka thelathini alikuwa ameiweka siku ile kwenye kona ya kichwa chake akiamini hakuna mwingine anayeijua, na kumbe aliyekuwa mlangoni alikuwa akitembea nayo.

"Niliiongeza," akasema mwisho.

"Haya. Sasa na Jumamosi utaiongeza?"

Maana habari zilikuwa zimeshafika: Jumamosi asubuhi kuna mkutano mbele ya ghala la pamba, na walinzi wa kijiji wanataka kura ya siri. Kila mtu apewe kikaratasi, aandike jina la anayezuia maji.

Jumamosi watu walijaa. Sylvester akasimama, akasafisha koo. Si mtu mbaya, huyu Sylvester. Ni mtu anayependa kikao kiishe bila kelele, na watu wa namna hiyo ndio wametuzika wengi.

"Hii kura haimhukumu mtu," akasema. "Ni ya kutuliza mioyo."

Mayige akapita mbele bila kuitwa. Begani alikuwa na bonge la udongo, akalibwaga mezani, vikaratasi vikaruka.

"Angalieni hizi kwato! Tulizoa sakafu ya babu zetu tukadhani ni uchafu. Na mwaka tisini na nne aliyeitoboa ni mimi. Mimi Fuko! Njooni kwenye kona niwahesabie hatua, kila mmoja kwa miguu yake. Kama mnatafuta jina la kuandika, andikeni langu. Ni herufi nne tu, hata ambaye hakusoma ataliweza."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona hakuna anayemfuata. Joyness naye akasimama, akaeleza kitaalamu, kwa upole, akasema wazi kwamba kosa la safari hii ni la mradi na yeye mwenyewe ataliandika hivyo. Sayi akapaza sauti kutoka nyuma: "Fuko, kwa hiyo mchawi ni ng'ombe?" Hapo wakacheka wote, kicheko kirefu cha watu wanaotaka jambo lipite. Nyanjige alikuwa amekaa mbele, pembeni ya Specioza, na hakuna aliyemtazama. Watu mia mbili na zaidi, na kila mmoja amepata kitu cha kuangalia.

Vikaratasi vikagawiwa, vikarudi, Sylvester akavifungua kimoja kimoja kwa sauti. Cha kwanza kilikuwa hakina kitu. Cha pili hakina kitu. Cha tatu: Nyanjige. Mayige alikuwa anasikiliza akiwa amesimama, na kadiri vilivyoendelea ndivyo alivyozidi kutoamini masikio yake. Mwisho wa hesabu ulikuwa huu: Fuko, vitano. Nyanjige, thelathini na vinane. Visivyoandikwa kitu, mia moja sitini na tisa.

Mia moja sitini na tisa! Walikuwa wamesikia. Walikuwa wameziona kwato. Wakashika kalamu, wakakunja karatasi nyeupe, wakarudisha, mioyo yao safi.

"Lililopata nyingi," Sylvester akasema, akiangalia meza, "ni la Nyanjige. Walinzi wanampa siku tatu aondoke. Kwa usalama wake."

Nyanjige akasimama. Hakulia. "Mama yangu mlimpa siku ngapi?" akauliza. Akarudi kukaa. Watu wakaanza kutafuta baiskeli zao.

Leo ni Jumapili. Asubuhi hii, wakati kengele inalia, Mayige aliwatoa ng'ombe wake kumi na mmoja akawaingiza mferejini. Joyness amevua buti, anamwaga maji kwa ndoo. Specioza na Nyanjige wanapondaponda mabonge ya ukingoni na kuyarudisha chini na udongo mpya wa mbugani, kwa lile jembe la ukutani. Ng'ombe wanazunguka, wanakanyaga, lakini ni kumi na mmoja. Wakimaliza upande huu, upande ule umeshaanza kupasuka kwa jua. Mayige amepita nao kona nzima mara arobaini, magoti yamevimba, na hajasimama. Akisimama, maji hayatapita. Maji yasipopita kufikia Jumanne, siku tatu zimeisha, na sote tunajua, msinifanye mtoto, siku ya nne huwa ni nini.

Sayi yuko kwenye lango la zizi lake, ameegemea mti, anaangalia. Ana ng'ombe mia na arobaini. Mkono wake uko kwenye gogo la lango, tangu saa mbili uko hapo.

Na wewe? Wewe mwenye karatasi nyeupe, unadhani hatukujui? Una ng'ombe wangapi? Wawili wanatosha kuanzia. Huna ng'ombe, una miguu: njoo ukanyage, au nenda mlangoni kwa Specioza ukakae hapo mchana kweupe, uonekane umekaa, ili wakija wanne na mapanga safari hii wamkute mtu wa kuwaona na kuwataja kwa majina. Usisubiri kikao, wala barua ya Bariadi. Udongo unakauka wakati unasoma. Zima redio. Toa hilo gogo langoni. Waswage ng'ombe uwalete kwenye kona, sasa hivi.